Usugu wa antibayotiki: mgonjwa anabebeshwa mzigo wote, wengine wanapita pembeni

Mwanahoja (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila kampeni kuhusu usugu wa dawa, yaani bakteria kuihimili antibayotiki iliyokuwa ikiwaua, inamnyooshea kidole mtu mmoja, mgonjwa. Maliza dozi. Usinunue bila cheti. Usimgawie jirani vidonge vilivyobaki. Sina ugomvi na ushauri huo, na atakayekuja kunijibu kwamba natetea kujitibu ovyo atakuwa hajasoma. Ninachosema ni kwamba kile kidonge kimepita mikono mingi kabla hakijafika kwa mgonjwa, yeye ndiye mnyonge kuliko wote waliokishika, na yeye peke yake ndiye anayesemwa.

Tuanze mbali kidogo. Septemba 1928 Alexander Fleming anarudi kutoka likizo, anaingia maabara yake pale hospitali ya St Mary's, London, anakuta ukungu umeota kwenye kisahani cha bakteria na bakteria walio jirani na ukungu wametoweka. Hiyo kila mtu anaijua, na kwa kawaida husimuliwa kana kwamba kesho yake watu walianza kupona. Wapi! Fleming alichapisha alichokiona mwaka 1929, akashindwa kuitenga penisilini, ile kemikali ya ukungu iliyowaua bakteria, hadi iwe dawa, jambo likalala kwa takriban miaka kumi. Walioliamsha ni watu wa Oxford: Howard Florey, Ernst Chain na Norman Heatley. Mei 1940 waliwaambukiza panya wanane. Wanne waliodungwa penisilini wakaishi, wanne wasiodungwa hawakuiona asubuhi. Februari 1941 wakamjaribia binadamu, polisi aliyeitwa Albert Alexander. Akaanza kupata nafuu ambayo haikutarajiwa, kisha dawa ikaisha. Walifika mahali pa kuichuja penisilini kutoka kwenye mkojo wake ili wamrudishie mwilini. Haikutosha. Machi akafariki.

Tazameni hapo. Sayansi ilikuwa imemaliza kazi yake na mtu bado amekufa. Kilichokosekana ni kiwanda, na kiwanda kinataka fedha, na fedha zilikuja kwa sababu kulikuwa na vita. Florey na Heatley walivuka kwenda Marekani, maabara ya kilimo ya Peoria, Illinois ikagundua kwamba ukungu ule unastawi sana kwenye maji yanayobaki mahindi yanaposindikwa, kampuni zikiwemo Pfizer zikajifunza kuuotesha ndani ya matangi makubwa, serikali ikanunua. Kufikia katikati ya 1944 majeshi yalikuwa na dozi kwa mamilioni. Miaka mitatu tu kutoka kuchuja mkojo wa mgonjwa mmoja!

Sasa njooni Desemba 1945. Fleming yuko Stockholm kupokea Nobeli pamoja na Florey na Chain, na katika hotuba yake anatoa mfano. Bwana mmoja anaumwa koo. Ananunua penisilini, anajipimia kidogo, haitoshi kuwaua bakteria ila inatosha kuwafundisha kuihimili. Anamwambukiza mkewe, mke anapata nimonia, anapewa penisilini, haifanyi kazi, anakufa. Nani amemuua? Mume, anajibu Fleming, kwa uzembe wake.

Toka siku ile hati ya mashtaka haijabadilishwa. Na kichekesho ni hiki: streptokoka wa koo, bakteria yuleyule aliyetajwa kwenye mfano, mpaka leo penisilini inamuua. Waliotushinda wametokea kwingine, wodini, mabandani, na hata kwenye mifereji ya viwanda vya dawa. Mwaka 2007 watafiti wa Sweden walichapisha vipimo vya maji yaliyokwisha kupita mtambo wa kusafishia majitaka ya viwanda vya dawa huko Patancheru, karibu na Hyderabad, India. Antibayotiki ya siprofloksasini iliyokuwemo ilifika miligramu 31 kwa lita, kiwango kinachozidi kile kinachokuwa kwenye damu ya mtu anayetumia dawa hiyo. Bakteria wanaogelea humo mchana na usiku. Hao nao hawajamaliza dozi?

Karibuni. Nataka hoja, matusi pelekeni nyuzi za mpira.

---

Chumba cha Dawa

Mleta uzi, mimi ni mfamasia na nitakubishia nusu.

Unamwita mgonjwa mnyonge. Njoo usimame upande wangu wa kaunta uone unyonge wake. Mtu ana mafua, pua inatiririka, hana homa. Mafua ni virusi, na antibayotiki haigusi virusi, hilo halina mjadala. Nikimwambia anywe maji, apumzike, atapona, ananitazama kama nimemwibia. Anataka kitu cha kushika. Akitoka mikono mitupu anaona hakutibiwa. Basi anaenda kwa mwingine ambaye atampa, kisha baada ya siku chache anapona, kama ambavyo angepona tu, na sifa zote zinakwenda kwa kidonge. Mwaka ujao anakuja anakitaja kwa jina.

Hiyo ni tabia ya jamii nzima, na kuivunja kwa vipeperushi haiwezekani.

Nusu ninayokubaliana nawe ni kwamba hata hapo, anayeandika dawa ndiye mwenye kalamu. Na wenye kalamu hubadilika kwa vitu vidogo sana. Uingereza mwaka 2014 mganga mkuu wa serikali aliwaandikia barua viongozi wa vituo vilivyokuwa vinaandika antibayotiki kupita wenzao, akiwaambia kwamba asilimia 80 ya vituo vya eneo lenu vinaandika kidogo kuliko ninyi. Barua tu. Uandikaji ukashuka kwa zaidi ya asilimia 3 kulinganisha na ambao hawakuandikiwa, na gharama yake ilikuwa karatasi na stempu. Marekani nako walibandika ukutani, kwenye vyumba vya madaktari, bango lenye picha na sahihi ya daktari mwenyewe akiahidi kutotoa antibayotiki isipohitajika. Maandiko yasiyo ya lazima yakapungua kwa karibu pointi 20 za asilimia ukilinganisha na vyumba visivyo na bango. Mgonjwa hakuhubiriwa chochote. Daktari ndiye aliyeona aibu mbele ya ahadi yake.

---

Mwanahoja

Sasa mkuu, mbona nusu uliyonibishia umeimalizia kwa kunipa ushahidi? Nashukuru.

---

Mzee wa Darubini

Nimefanya kazi maabara ya vimelea muda mrefu, niruhusuni nirekebishe lugha moja inayopotosha watu. Fleming alisema bakteria "wanafundishwa". Hakuna darasa. Kwenye kundi la mamilioni wapo wachache ambao tayari wana silaha, dawa inawaua wasio nayo, wenye silaha wanabaki na uwanja mzima. Tena hizo silaha ni za kale kuliko binadamu mwenye duka la dawa. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya udongo ulioganda wa Yukon, Kanada, wenye umri wa miaka 30,000, na ndani yake zimo jeni za kuzuia dawa za jamii ya penisilini na tetrasaiklini. Sababu iko wazi: antibayotiki nyingi tumezichukua kwa kuvu na bakteria wa udongoni, ambao wamekuwa wakipigana kwa sumu hizo tangu enzi na enzi. Penye sumu pana kinga.

Na huyo Chain wa Oxford, pamoja na mwenzake Edward Abraham, walichapisha mwaka 1940 habari za kimeng'enya cha bakteria kinachoivunja penisilini. 1940! Yule polisi alikuwa hajadungwa.

Kwa hiyo usugu haukuja kwa sababu watu ni wazembe. Ungekuja tu. Swali ni kasi, na kasi inategemea wingi wa dawa tunayoimwaga duniani, iwe kwa kosa au kwa haki. Hata dozi iliyoandikwa vizuri na kumezwa vizuri huchuja bakteria walioko tumboni mwako. Tena hao hupeana jeni, na si lazima wawe ukoo mmoja. Bakteria asiye na madhara anaweza kumkabidhi yule wa hatari kipande kidogo cha DNA chenye kinga ya dawa tatu nne kwa mpigo.

Jambo jingine ambalo halisemwi: daktari anayekuandikia mara nyingi hajui unaumwa na bakteria gani. Kuotesha kimelea na kukipima dhidi ya dawa mbalimbali kunachukua siku moja mpaka tatu, wakati mwingine zaidi. Mgonjwa amezidiwa sasa hivi. Basi anapewa dawa yenye wigo mpana kwa kukisia. Ni ubashiri wenye elimu, lakini ni ubashiri. Mkitaka kupunguza matumizi mabaya, leteni kipimo cha bei nafuu kinachojibu mgonjwa akiwa bado amekaa kwenye kiti. Hapo mtapata zaidi ya kampeni kumi.

---

Kijana Mdadisi

Shikamoo Mzee. Kama hata dozi sahihi inachuja, kwa nini tunaambiwa tumalize? Si ndiyo kuongeza?

---

Mzee wa Darubini

Marahaba. Swali zuri, ila lisikupeleke kubaya.

Mwaka 2017 madaktari kadhaa waliandika katika jarida la BMJ kwamba kanuni ya "maliza dozi la sivyo utaleta usugu" haina ushahidi wa kutosha, na kwamba kwa maambukizi mengi ya kawaida siku chache zinaponya sawa na siku nyingi. Tafiti nyingi za nimonia ya kawaida na njia ya mkojo zimeelekea hukohuko, na miongozo imekuwa ikifupishwa. Nimonia ambayo zamani ilipewa siku kumi leo mara nyingi hupewa tano.

Lakini kifua kikuu ni jambo jingine kabisa. Majaribio ya antibayotiki ya streptomaisini Uingereza, yaliyochapishwa mwaka 1948, yalionyesha wagonjwa wakipata nafuu mwanzoni kisha bakteria wao wakawa sugu ndani ya wiki chache. Ndiyo maana dawa za kifua kikuu hutolewa kadhaa kwa pamoja na kwa miezi. Ukiacha katikati unajitafutia maafa, wewe na unaokaa nao.

Kwa hiyo atakayefupisha dozi ni daktari anayejua unaumwa nini. Si wewe, wala si uzi huu.

---

Sina Haraka

Nauliza kwa nia njema. Mbona sijawahi kusikia msiba ambao marehemu kafa kwa "usugu wa dawa"? Isije ikawa ni mambo ya makongamano tu.

---

Mwanahoja

Hujasikia kwa sababu haiandikwi hivyo. Cheti cha kifo kinaandikwa nimonia, au sepsisi (mwili kuzidiwa na maambukizi), au matatizo baada ya upasuaji. Kwamba dawa ya kwanza na ya pili zilijaribiwa zikagonga mwamba, hilo linabaki kwenye faili la hospitali. Makadirio makubwa yaliyochapishwa mwaka 2022 katika jarida la The Lancet yalisema vifo milioni 1.27 duniani mwaka 2019 vilisababishwa moja kwa moja na bakteria sugu, na katika vifo milioni 4.95 usugu ulihusika kwa namna fulani. Malaria na UKIMWI vina siku zao, wanaharakati wao, utepe wao. Huu ugonjwa hauna hata mgonjwa wa kumweka kwenye bango.

Na usiuangalie kwa jicho la kidonda tu. Upasuaji wa kujifungua, kubadilisha nyonga, tibakemikali ya saratani, kumtunza mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, vyote vimesimama juu ya imani kwamba maambukizi yakitokea yatazimwa. Ondoa imani hiyo, daktari wa upasuaji ataanza kusitasita mbele ya kazi ambazo leo ni za kila siku.

---

Hesabu Kwanza

Nilikuwa nasoma kimya ila naona biashara inakaribia kufanywa shetani, ngoja niseme.

Chukueni kampuni ya Achaogen ya Marekani. Ilitengeneza plazomisini, antibayotiki dhidi ya bakteria sugu wa njia ya mkojo. Juni 2018 ikaidhinishwa na mamlaka ya dawa ya Marekani. Ushindi, sivyo? Mauzo ya mwaka huo hayakufika dola milioni 1. Aprili 2019 kampuni ikaomba kufilisika. Desemba mwaka huohuo Melinta, nayo ya antibayotiki, ikafuata.

Hawakufilisika kwa dawa mbovu. Walifilisika kwa sababu madaktari walifanya kile ambacho uzi huu unataka wafanye: waliiweka dawa mpya kabatini kwa ajili ya siku mbaya, wakaendelea na za zamani za bei ya chini. Dawa ya shinikizo la damu mtu anameza kila siku mpaka mwisho wa maisha. Antibayotiki anameza siku tano anapona, halafu anakusahau. Na ile iliyo bora kuliko zote ndiyo inayotakiwa isitumike kabisa. Nionyesheni bidhaa nyingine ambayo mteja akiipenda kweli haiuziki.

Kampuni kubwa zimeliona hilo na nyingi zimeondoka kimyakimya. Siwalaumu. Ukiwa na fedha za wanahisa huwezi kuziweka mahali ambapo kufanikiwa na kufilisika vinakuja pamoja.

---

Mwanahoja

Hapa ndipo nilipotaka tufike, na ndiyo maana sikuandika neno "tamaa" kwenye uzi wangu. Kosa ni kanuni ya malipo. Tunalipa kwa kidonge kilichouzwa, wakati tunachokihitaji ni kidonge kilichopo. Zimamoto hawalipwi kwa idadi ya nyumba zilizoungua.

England walianza mwaka 2022 kulipa kama ada ya mwaka kwa antibayotiki mbili, sefiderokoli ya Shionogi na mchanganyiko wa seftazidimu na avibaktamu wa Pfizer, hadi pauni milioni 10 kwa kila moja kwa mwaka, zitumike nyingi au kidogo. Naona ndiyo njia.

---

Hesabu Kwanza

Ni njia, ila nchi moja haitoshi. Soko la England ni dogo kwenye mauzo ya dawa duniani. Mpaka wakubwa wengine waingie, mwekezaji bado atapiga hesabu na kukunja mkeka.

---

Tabibu wa Mifugo

Nasubiri mtu awaseme wafugaji naona Mwanahoja amegusa "mabandani" kisha akapita. Nitawasema mwenyewe.

Karibu na 1950 watafiti wa kampuni ya dawa ya Lederle, Marekani, waligundua kwamba kuku waliolishwa mabaki ya kutengenezea antibayotiki ya klorotetrasaiklini wanakua haraka. Walikuwa wanatafuta vitamini B12, wakakuta dawa nayo inachangia. Ndani ya muda mfupi ikawa desturi: dozi ndogo, kila siku, kwa mnyama mzima asiyeumwa, maisha yake yote. Sasa linganisheni na Bwana wa Fleming aliyejipimia kidogo. Huyu alifanya mara moja kwa ujinga, sekta nzima ilifanya kwa miongo kwa mpango, na karatasi za kitaalamu juu. Mpaka miaka hii sehemu kubwa kuliko nusu ya antibayotiki zinazouzwa duniani inakwenda kwa wanyama.

Sweden ilipiga marufuku matumizi ya kukuzia mwaka 1986. Umoja wa Ulaya ukakamilisha marufuku hiyo Januari 2006. Ufugaji haukufa. Ila ilibidi mabanda yabadilike, chanjo ziongezwe, watoto wa nguruwe wasiachishwe kunyonya mapema mno. Hilo ndilo watu hawataki kulisikia: dawa ilikuwa inafunika banda bovu. Msongamano, uchafu, hewa nzito. Kidonge ni rahisi kuliko kujenga upya.

Halafu kuna kolistini. Dawa ya zamani, inaumiza figo, wenye hospitali wakaitupa pembeni. Kwenye mifugo ikaendelea kutumika kwa tani. Bakteria wa wodini walipokuwa sugu kwa karibu kila kitu, madaktari wakairudia kama tegemeo la mwisho. Novemba 2015 watafiti wa China wakatangaza jeni iitwayo mcr-1, inayowapa bakteria kinga dhidi ya kolistini na inayohama kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine. Waliipata kwa nguruwe, kwenye nyama, na kwa wagonjwa. Kisha maabara za nchi mbalimbali zikafungua majokofu yao na kuikuta kwenye sampuli za nyuma. China ilipiga marufuku kuitia kwenye chakula cha mifugo mwaka 2017, na tafiti zilizofuata zikaonyesha jeni hiyo ikipungua kwa wanyama na kwa watu. Kwa hiyo marufuku inafanya kazi, msikate tamaa.

Ila mfugaji mdogo mwenye kundi linalokufa mbele ya macho yake na hana tabibu wa kumwita, huyo naye msimfanye mgonjwa wa pili wa kubebeshwa mzigo.

---

Mama Wawili

Nimesoma yote, asanteni. Wataalamu wa akili mnemba wanasema kompyuta sasa inagundua antibayotiki mpya. Si tatizo litakwisha?

---

Mzee wa Darubini

Dada, ni kweli kwamba mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, waliipa kompyuta maelfu ya kemikali ikawachagulia moja, wakaiita halisini, na ikawaponya panya wenye bakteria sugu. Kazi nzuri sana. Lakini toka panya hadi duka la dawa kuna majaribio ya binadamu, miaka na fedha nyingi. Na ukifika mwisho wa safari unamkuta Hesabu Kwanza na kitabu chake cha Achaogen. Kugundua si pale palipokwama zaidi.

---

Mama Wawili

Basi niulize la mwisho linalonikera. Mnasema tutumie kidogo. Wapo watoto wanaokufa kwa nimonia ya kutibika kwa kukosa amoksisilini, dawa ya zamani kabisa. Huyo mama mnamwambia nini? Apunguze?

---

Mwanahoja

Hapana. Na nashukuru umeliuliza kabla sijafunga kompyuta.

Shirika la Afya Duniani liligawa antibayotiki mwaka 2017 katika makundi matatu: za kufikiwa na wote, za kuangaliwa, na za akiba. Amoksisilini iko kundi la kwanza. Mwaka 2024, kwenye Umoja wa Mataifa, nchi zilikubaliana kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 70 ya antibayotiki zinazotumiwa na binadamu duniani ziwe za kundi hilo. Maana yake hesabu si "kidogo" kwa kila mtu. Ni nyingi zaidi kwa asiyezipata, na chache kwa mwenye mafua aliyesimama mbele ya Chumba cha Dawa. Tena mtoto aliyechanjwa dhidi ya nimokoka, bakteria anayeleta nimonia, na anayeishi penye maji safi hafiki kwenye dozi mara nyingi, kwa hiyo bajeti ya bomba la maji nayo ni bajeti ya usugu, ingawa wizara zinazoziandika hazikai meza moja.

---

Chumba cha Dawa

Hiyo ya mwisho iandikie uzi wake. Mimi kesho nabandika bango lenye picha yangu ukutani, nione kama litafanya kazi kwa mfamasia pia.